Msiwalaumu watazamaji, isomeni mikataba

Mhariri,

Makala yenu iliyowashutumu vijana wa pwani kwa kuzitupa filamu za nyumbani na kukesha na za Marekani imemkamata asiye mwizi. Kijana anatazama kilichomfikia, na kinachomfikia huamuliwa na wenye njia za kukifikisha.

Marekani wenyewe walishavutana kwa jambo hili. Studio kubwa, Paramount na Warner Bros. zikiwemo, zilitengeneza filamu, zikazisambaza na zikamiliki kumbi za kuonyeshea. Mwenye ukumbi wake mdogo akitaka filamu moja nzuri alitwishwa na mbovu kadhaa, nyingine hata hajaziona. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ikaupiga marufuku mtindo huo na studio zikalazimika kuachana na kumbi. Masharti hayo yalifutwa 2020, wakati ukumbi umeshahamia kwenye simu. Leo Netflix, iliyoingia kwetu 2016, inatengeneza na kuonyesha yenyewe. Disney nao vivyo hivyo.

Pita kwenye kibanda umiza huku Magomeni, Bagamoyo, siku ya muvi ya mashujaa. Ratiba imeandikwa kwa chaki mlangoni, ndani joto, DJ anatafsiri huku akichomekea vijembe vyake (wengine wamelipa kumsikiliza yeye, si kutazama muvi). Ikiisha, ubishi: mbona miaka yote ile Spider-Man hakuwa na wenzake? Kila mtu analo jibu, na wote wanalitafuta ndani ya hadithi. Jibu limo kwenye mkataba. Marvel, kampuni yenye mashujaa hao, ilifilisika 1996, na katika kuhangaika kwake ikauza haki za filamu za Spider-Man kwa studio ya Sony. X-Men, kundi jingine la mashujaa wake, walikuwa wameshakwenda studio ya Fox. Kwa hiyo Disney ilipoinunua Marvel 2009 ilinunua nyumba yenye wapangaji. Spider-Man akaruhusiwa kuchanganyika na wenzake kwa makubaliano ya 2015, na X-Men wakapatikana 2019 Disney ilipochukua sehemu kubwa ya Fox kwa zaidi ya dola bilioni 71.

Bilioni! Na waliomtunga Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, mwaka 1938 waliuza haki zote kwa dola 130. Walirudi mahakamani baadaye, lakini saini ilishakauka.

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana kijana mmoja wa hapa aliniletea mkataba wa tamthilia yake nimsomee. Wa Kiingereza kitupu. Kipengele kimoja kilisema anakabidhi haki zote, dunia nzima, milele, kwa vyombo vilivyopo na vitakavyokuja kubuniwa. Malipo mara moja, basi. Hata wahusika wake hawezi kuwatumia tena bila ruhusa. Akasaini, maana kamera alikodi kwa mkopo na mkopeshaji alikuwa mlangoni. Simlaumu.

Na huyo mnunuzi wa leo si lazima awe wa kesho. Januari 2024 Amazon ilisitisha kutengeneza vipindi vipya barani Afrika. Mwaka 2025 MultiChoice, wenye DStv, walichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa. Kampuni ikiuzwa, tamthilia zilizomo kabatini nazo zinauzwa, na mwenye kabati jipya akiona hazimlipi anazifungia humo. Aliyeuza milele hana hata haki ya kuomba funguo.

Kwa hiyo naomba TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, ambako vijana wengi wa fani hii wanapita, walipe somo la mikataba uzito ule ule wanaoupa uigizaji na ngoma. Cosota, ofisi ya hakimiliki, nao watoe mkataba wa mfano kwa Kiswahili cha kawaida: haki za televisheni na za intaneti zitenganishwe, ziwe na kikomo cha miaka, zikiisha zirudi kwa mtunzi, na kila marudio hewani yawe na malipo, hata kama ni madogo. Mnunuzi anayetaka milele, sawa, alipe bei ya milele.

Nanyi gazeti, badala ya kuwasema vijana, waulizeni hadharani wanaonunua tamthilia zetu: haki mnazirudisha baada ya miaka mingapi? Chapeni majibu yao, na asiyejibu naye mchapeni.

Karani mstaafu,
Magomeni, Bagamoyo