Risala ya wanafunzi wa ajiliti kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu, walimu na nyie wote mliokuja na mbwa wenu, itifaki imezingatiwa. Karibuni sana na asanteni kwa kuja.

Sisi tunasoma baiomekaniki, yani jinsi mwili unavyojongea na kubeba nguvu, ya mbwa wa ajiliti, ule mchezo wa mbwa kuruka viunzi, kuingia mahandaki na kupenya nguzo huku mtu anamwongoza, mchezo ulioonyeshwa kwenye Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa kule Uingereza, mwaka 1978. Watu wengi wanaangalia saa, nani kawahi. Sisi tunaangalia mbwa anatuaje.

Mheshimiwa, mbwa akisimama tu, kama asilimia 60 ya uzito wake iko miguu ya mbele, na miguu hiyo haina mtulinga wa kuiunga na kifua kama sisi binadamu, imeshikwa na misuli tu. Sasa akitua kutoka kwenye kiunzi mguu unabeba mzigo mkubwa mara kadhaa kuliko akiwa anatembea, na kama kabla hajatulia tushamwita akate kona, bega linajipinda hapohapo. Ndo maana mabega yanaongoza kwa kuumia.

Na mbwa anaficha maumivu jamani. Kuna mbwa wetu mmoja alianza kuangusha fito, tukasema mkaidi, tukamrudisha arudie na arudie, kumbe bega lilishaanza kuuma siku nyingi. Mpaka leo tunajutia ile.

Toka hapo tumebadilika. Hakuna mbwa anaruka kabla hajatembea na kukimbia taratibu mpaka misuli ipate moto, kucha tunakata, na watoto wa mbwa fito zao zinakaa chini kabisa mpaka mifupa imalize kukua, hata kama mwenye mbwa ana haraka ya mashindano (na hao wapo wengi, tunabishana nao kila wiki).

Changamoto yetu ni vifaa. Bamba la kupimia nguvu ya kutua ni ghali, hilo tunajua linaweza kusubiri. Tunachoomba kwako kwa sasa ni kamera inayorekodi kwa kasi kubwa ili tuone hatua mojamoja, zulia lisiloteleza, na daktari wa mifugo awe anatupitia hata mara moja kwa mwezi awakague kabla hawajaanza kuchechemea.

Naomba kuwasilisha.