Kutafuta katika makumbusho mengi kwa pamoja: teknolojia ipi ichaguliwe?

Makumbusho yanayotaka kuunganisha mikusanyo yao mtandaoni hutuuliza kwanza ni injini gani ya utafutaji inayofaa. Sisi huanza na jambo linalotangulia hilo: je, taarifa zitafutwe huko huko ziliko, au zikusanywe mahali pamoja kabla msomaji hajauliza chochote?

Kutafuta ziliko, kama maktaba zilivyofanya kwa muda mrefu kwa itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta) ya Z39.50, hupeleka swali kwenye hifadhidata zote kwa wakati mmoja. Majibu huwa mapya daima, lakini msomaji huisubiri seva iliyo nzito kuliko zote, na moja ikizimika, vifaa vya makumbusho yenye seva hiyo hukosekana kwenye majibu bila msomaji kujua. Kwa makumbusho, ambayo mara nyingi hayana mafundi wa zamu, tunapendekeza kukusanya. Itifaki ya OAI-PMH, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2002, huvuna rekodi mpya na zilizobadilika tu, kisha huingizwa katika faharasa moja. Kuhusu injini za utafutaji, Solr na Elasticsearch, hatuoni haja ya mabishano marefu: zote zimejengwa juu ya programu moja ya utafutaji, Lucene, hivyo chagueni ile ambayo mafundi wenu wanaijua.

Kazi kubwa iko katika kulinganisha rekodi zenyewe, na hapo ndipo tunapowasihi wateja waelekeze fedha na muda. Chukulia tarehe. Rekodi moja imeandikwa "karne ya 19", nyingine "takriban 1880", ya tatu "1875–1890". Anayetafuta mwaka 1885 anastahili kuziona zote tatu, lakini injini inayosoma maandishi matupu haitampa hata moja. Dawa yake ni kuongeza nyuga mbili, mwaka wa mwanzo na mwaka wa mwisho, na kuyaacha maneno ya mtunza mkusanyo yaonekane kama alivyoyaandika, kwa kuwa ile "takriban" ni ujuzi wake na hatuna haki ya kuufuta. Dublin Core, muundo wa jumla wa kuandika rekodi wenye vipengele 15, haitoshi kwa kazi hii. LIDO, muundo wa rekodi uliobuniwa kwa ajili ya makumbusho, hutenganisha utengenezaji wa kifaa, matumizi yake na upatikanaji wake, kila tukio likiwa na tarehe yake. Majina ya wasanii nayo yaunganishwe na orodha kama ULAN, orodha sanifu ya majina ya wasanii ya taasisi ya Getty, ili tahajia tofauti zimfikie mtu yule yule.

Picha hazihitaji kunakiliwa: kwa IIIF, viwango vya kuonyesha picha kati ya mifumo tofauti, hubaki kwenye seva ya mwenyewe na kuonyeshwa kwingine.

Kabla ya kutia saini mkataba wowote, tuleteeni sampuli ya rekodi kutoka kila makumbusho, zikiwemo zile mnazoziona mbovu. Ulizeni pia kila mfumo hutangazaje rekodi iliyofutwa, kwa sababu OAI-PMH inaruhusu mfumo usiitangaze kabisa, na hapo kifaa kilichoondolewa kitaendelea kuonekana kwenye matokeo hadi rekodi zote zivunwe upya.