Pikapu kuukuu ya dizeli bado ina nafasi yake

Mhariri,

Mkulima anayeteremsha viazi kutoka milima ya Uporoto hadi Mbeya mjini asione haya kununua pikapu iliyotumika. Toyota Hilux yenye injini aina ya 5L, ambayo pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, hutengenezwa na fundi wa kijijini kwa spana za kawaida, ilhali nozeli za pikapu mpya, zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini kwa shinikizo kubwa mno, huharibika upesi dizeli ikiwa na maji au uchafu.

Hata hivyo, mnunuzi asihadaike na rangi mpya: aiwashe injini ikiwa baridi, atazame kama inatoa moshi wa bluu, kisha alale chini akague kutu kwenye chesisi, hasa kama gari limetoka pwani. Mwenye safari ndefu za kila siku na mkopo wa riba nafuu, huyo anunue jipya.

Msomaji,
Mbeya