YAH: Harufu ya choo kwenye motahomu yenu, na pauni 150 mlizotukata

Ndugu wahusika,

Habari za kazi. Nimeshaongea na dada wa mapokezi kwenye simu, nimeshatuma picha na video WhatsApp zimesomwa na hamna aliyejibu, kwa hiyo saivi naandika barua kabisa ili mjue hili jambo sijaliacha.

Tulikodi kwenu ile motahomu, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, ya kulala watu watano kwenda kuzunguka kaskazini ya Scotland, ile njia ya North Coast 500 inayotoka Inverness ikapita pwani yote ya juu ikarudi Inverness, maili 516. Tangazo lenu tuliliona kwa Kiswahili kwenye grupu la watu wa Afrika Mashariki hapa Uingereza, na ndo maana tukawachagua, tukasema bora hela iende kwa wenzetu. Tulikuwa na watoto, mmoja ana pumu na hilo tuliliandika kwenye fomu yenu, na tulikuwa na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tuliporudisha gari mkakata pauni 150 kwenye dipoziti, mkaandika ni usafi wa ziada kwa sababu ya harufu ya choo. Jamani hiyo harufu tuliikuta humo humo ndani ya gari. Naomba msome mpaka mwisho maana naeleza ilikuwa inatokea wapi.

Siku ya kuchukua gari kijana wenu alituonyesha kila kitu kwa haraka, gesi, friji, taa, namna ya kukunja meza, alafu choo akafungua mlango akasema choo ndo hiki akafunga. Hakutuonyesha kaseti, lile tangi la uchafu lililo chini ya choo, inachomolewaje, hakusema dawa gani inawekwa, hakusema imwagwe wapi. Harufu ilikuwepo tangu hapo ila madirisha yote yalikuwa wazi na kulikuwa na manukato ya kupulizia, yale makali ya limau, ukiingia unaona gari safi. Tulipofunga madirisha usiku wa kwanza ndo tukaijua. Mama mkwe kitanda chake kilikuwa kile cha jirani na choo na hakusema kitu, mnawajua wazee wetu, anajifunika kanga puani anasema yuko salama tu. Mimi mkwewe niliona aibu mpaka basi, mtu mzima umemtoa nyumbani kwake Tanga unamlaza kwenye harufu ya choo.

Asubuhi nikapiga simu kwenu. Nikaambiwa mambo mawili, kwanza nifungue kidirisha cha juu ya paa chooni wakati tunatembea, pili nimimine ile dawa iliyoko chini ya sinki. Yote mawili yalizidisha tatizo, na la pili lilikuwa la hatari.

Kuhusu kidirisha, gari likiwa kwenye mwendo upepo unaopita juu ya paa unavuta hewa ya ndani kwenda juu, sasa kama huko chini kuna upenyo basi hewa ya kwenye kaseti na ya kwenye tangi la maji machafu nayo inavutwa kuingia ndani. Yaani kila tukikimbiza gari harufu inapanda, tukisimama inapungua, na sisi tunaendelea kufungua kidirisha kwa sababu ndo maelekezo yenu.

Kuhusu dawa. Ile chupa chini ya sinki ilikuwa jiki. Jiki ya kawaida ya supamaketi, mmebandika plasta juu mkaandika kwa kalamu CHOO. Picha ninayo. Tukaimimina kama tulivyoambiwa, tukaondoka Ullapool kuelekea juu, ile barabara ya gari moja yenye sehemu za kupishana, na haikuchukua muda macho yakaanza kuwasha na mtoto akaanza kukohoa kile kikohozi chake ambacho sisi wazazi tukikisikia tu tunasimama. Tulisimama sehemu ya kupishana tukatoka wote nje kwenye upepo na mvua, mtoto akavuta inhela yake, bibi yake kamshika mgongo. Jiki ikikutana na mkojo inatoa gesi inayounguza macho na kifua, na hii imeandikwa kwenye chupa zenyewe kwamba usichanganye na vitu vingine. Ndani ya chumba kidogo kama kile, na mtoto wa pumu, hilo si jambo la kumwambia mtu kwenye simu bila kufikiri. Hapa ndo mliponiumiza zaidi ya hela, na nataka mtu mwenye mamlaka pale ofisini alisome hili mwenyewe asimwachie dada wa mapokezi.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja wa Kiskoti tuliyempata kambini Durness, ana karavani miaka mingi. Alichukua tochi, akafungua kile kifuniko cha chini ya bakuli la choo kinachoteleza, akaniambia pitisha kidole kwenye mpira unaozunguka pale. Ule mpira ulikuwa mkavu kama ganda, una nyufa tatu zinazoonekana kwa macho na upande mmoja umeinuka kabisa. Akasema mimina maji kidogo kwenye bakuli, funga, ulale. Asubuhi bakuli lilikuwa kavu, maji yote yameshuka kwenye kaseti. Sasa kama maji yanashuka basi hewa nayo inapanda, hapo hakuna ubishi. Na kilichoua ule mpira kwa maneno yake ni jiki, kwamba mipira ile haitakiwi kabisa kuguswa na jiki, wala vaselini, maana vaselini inatokana na mafuta ya petroli na inaivimbisha na kuiharibu. Inapakwa mafuta ya silikoni au hata mafuta ya zeituni kidogo kila baada ya muda. Yeye alitupakia mafuta ya zeituni kutoka jikoni kwake ili tufike nyumbani, ila alisema dawa yake ni kubadilisha mpira. Nimeangalia bei, ni pauni chache tu, hata robo ya mlichonikata haifiki, na kazi yenyewe ni ya dakika.

Akatupa na dawa sahihi, ile ya bluu ya kwenye kaseti, unaweka na maji kama lita mbili kabla hujaanza kutumia choo. Ya pinki ni ya kwenye tangi la maji ya kuflashi. Kwenye gari lenu haikuwepo hata moja, na mkataba wenu umeandika vifaa vya choo vimejumuishwa kwenye bei.

Baada ya hapo harufu ya chooni ikapungua sana, ikabaki moja, ya maji yaliyooza, inakuja tukiwa tunaendesha tu. Hiyo ilikuwa inatoka kwenye tundu la sakafu la bafu. Nyumbani pale chini kunakuwa na trapu, ile kona ya bomba inayoshika maji yakazuia hewa, lakini kwenye gari lenu bomba linakwenda moja kwa moja kwenye tangi la maji machafu, na tangi likitikisika kwenye kona harufu yote inapanda. Suluhisho lake ni kizibo cha mpira tu, unaziba ukianza safari unazibua ukitaka kuoga. Kwenye sinki kipo, bafuni hakipo. Tulinunua chetu na tumewaachia humo humo, mtakikuta.

Sasa dada wa mapokezi aliniambia tatizo ni sisi kwa sababu tunatumia maji mengi chooni. Ndiyo tunatumia maji, sisi tunatawaza, na nyinyi mnatangaza kwa Kiswahili mnajua wateja wenu ni akina nani na wengi wanatawaza. Kaseti inachukua kama lita ishirini, kwa familia inayotawaza inajaa mapema na dawa inapungua nguvu, kwa hiyo inabidi kumwaga mara kwa mara na kuongeza dawa. Hilo ndo neno la kumwambia mteja siku anachukua funguo, hamkulisema. Na sisi tulikuwa tunamwaga kila siku, kwenye zile sehemu maalum za kambini, hatukumwaga hata tone kwenye mtaro wala baharini, risiti za kambi ninazo. Mama mkwe ndo alikuwa anasimamia usafi wa kile choo, na yule mama nyumbani kwake hata banda la kuku halinuki. Kuandika kwamba familia yangu ilirudisha gari chafu ni kutudhalilisha na sikubali.

Ninachoomba ni hivi. Pauni 150 zirudi zote, pamoja na gharama ya dawa na kizibo, risiti nimeambatanisha. Mtuandikie barua ya kufuta hayo maneno ya usafi wa ziada kwenye rekodi yetu. Na kabla hamjampa mtu mwingine lile gari, mpira ubadilishwe, jiki itolewe, dawa ya bluu na ya pinki ziwekwe, na kijana wenu afundishwe kuonyesha choo kama anavyoonyesha gesi. Hili la mwisho naliomba kuliko hata hela, kuna familia nyingine itakuja na mtoto wa pumu na haitakutana na mzee wa Durness.

Sheria ya walaji ya hapa, Consumer Rights Act ya 2015, inahusu pia vitu vya kukodi, kitu kiwe na ubora wa kuridhisha na kifae kwa kazi uliyokikodia, na gari la kulala ambalo halilaliki halifai. Nawapa siku 14 kuanzia leo. Nisipopata majibu nitapeleka hili kwenye mahakama ya madai madogo, na picha za mpira, za chupa ya jiki na video ya lile bakuli zote ninazo na tarehe zake. Ningependa tumalizane wenyewe kwa wenyewe, na kama meneja anataka kuongea na mimi anipigie jioni baada ya saa kumi na mbili, namba yangu mnayo kwenye mkataba.

Wenu,
Mteja wenu, kwa niaba ya familia nzima