Binamu, Kuchar hakumwibia mtu

Binamu,

Tangu Idi hupokei simu zangu, basi nakuandikia hapa hapa mbele za watu. Lile neno "mwizi" ulilomwita mcheza gofu Matt Kuchar bado halijanishuka kooni.

Turudi pale pale. Austin, Texas, Machi 2019, robo fainali ya WGC Match Play, yale mashindano ya gofu ya mtu kwa mtu ambapo huhesabiwa mashimo uliyoshinda, si jumla ya mapigo. Shimo la 7. Sergio Garcia, mpinzani wa Kuchar, anakosa pati (pigo la kuviringisha mpira kuelekea tunduni) ya kushinda shimo. Mpira umebaki inchi chache tu. Badala ya kusubiri, anaugonga kwa pupa bila hata kusimama sawasawa, nao hauingii. Kanuni ya 3.2b iko wazi: anayemwachia mwenzake pati, yaani anayekubali ihesabiwe imeingia bila kupigwa, lazima aonyeshe kwa neno au ishara isiyo na utata. Kunyamaza si kuachia. Pigo lile likahesabiwa, shimo likaenda kwa Kuchar. Refa alipofika, Kuchar alisema ukweli, kwamba hakuwa ametamka kitu. Ulitaka aseme nini?

Unashikilia kwamba angemwachia Garcia shimo jingine mbele, kama Garcia alivyopendekeza. Kanuni inaruhusu kuachia shimo lolote kabla halijaisha, lakini hiyo ni hiari, wala si deni. Nawe, ndugu yangu, nakuomba kwa mapenzi yote: ukiwa kwenye grini, pale penye nyasi fupi karibu na tundu, subiri mpinzani akuachie kwa kusema "chukua" ndipo uinue mpira. Ukiuokota kwa haraka zako bila kuweka alama, ni pigo moja la adhabu na mpira unarudi ulipokuwa. Nilikueleza haya ukaona nakudharau. Nilikuwa nakulinda.

Mashindano yale yalikuwa matamu kwa sababu hayakuwa na huruma. Yalipoanza La Costa, California, 1999, waliingia wachezaji 64, ana kwa ana, mashimo 18, na aliyefungwa alifunga begi akaenda zake. Jeff Maggert alihitaji mashimo 38 kumwondoa Andrew Magee kwenye fainali ya mashimo 36. Mwaka 2002 Kevin Sutherland, aliyepangwa nafasi ya 62, akabeba kombe. Tiger Woods alimfunga Stewart Cink nane na saba mwaka 2008: aliongoza kwa mashimo manane huku yakiwa yamebaki saba, mchezo ukaishia hapo.

Mwaka 2015 wakaleta makundi 16 ya watu wanne wanne, mechi tatu kila mmoja, ili nyota wasiondoke Jumatano. Wewe ulishangilia. Mimi nilisema wanaua hofu ya siku ya kwanza, na bado nasema hivyo: mtu akipoteza leo na kesho bado yumo, kila pati inapungua uzito. Korona ikafuta ya 2020. Machi 2023 Sam Burns akamfunga Cameron Young sita na tano, na 2024 PGA Tour, waandaaji wa gofu ya kulipwa Marekani, hawakuyaweka tena kwenye kalenda.

Ukasema afadhali yamekufa, eti kwa sababu ya Kuchar. Huyo Kuchar alifika fainali akafungwa tatu na mbili na Kevin Kisner, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa amepigwa fainali saba na sita na Bubba Watson. Kombe hakulipata. Sasa aliiba nini, hata tukose kusemezana?