Shukrani kwa uliyetuachia mfuko wa vifuniko

Wewe uliyetundika mfuko wa vifuniko vya chupa za maji, vilivyoandikwa silabi za kujifunzia kusoma, kwenye kitasa cha darasa letu la awali bila kuacha jina, asante sana. Hii ni kazi ya mtu anayejua.

Silabi 25 za m, b, k, t na l, na kila moja umeiandika mara mbili. Wengi husahau hapo: ukiwa na "ma" moja tu huwezi kuunda mama, na baba na kuku ni vivyo hivyo. Tena umepiga mstari chini ya kila silabi, maana kifuniko ni duara. "U" ikipinduka inasomeka "n", na mtoto hana kosa.

Wazazi mnaoazima mfuko huu, anzeni na ma, me, mi, mo, mu pekee, dakika 10 baada ya chakula cha jioni. Tamkeni sauti, msitaje jina la herufi: mtoto aliyekaririshwa "em-a" hushindwa kuisikia "ma". Akizoea, ongezeni b, kisha k. "Mtu" lisubiri, kwa kuwa m imesimama bila irabu na wengi husoma "mutu". Walio chini ya miaka 3 wasiachiwe vifuniko, hukwama kooni.

Hata wino umechagua usiofutwa na jasho la vidole. Mungu akubariki. Vifuniko vitupu tumevitundika kwenye kitasa kilekile, iwapo utapenda kutuandikia s na n.