Wauza kadi za grafiki watuambie wati, si GB peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wafanyabiashara wa vifaa vya kompyuta wa Dar es Salaam wanaotutumia mizigo kwa basi huku Kusini. Mimi ni fundi, meza yangu iko Chikongola, hapa Mtwara. Malipo ya korosho yakishaingia, vijana wanaagiza kadi za grafiki, zile zinazoipa kompyuta nguvu ya kuchora picha kwenye skrini: wanaohariri video za harusi, wanaochora ramani za nyumba, na wapenzi wa magemu. Wengi huniletea kadi ikiwa bado kwenye boksi, na mimi ndiye ninayebaki na kazi ya kuwaambia kwamba haifungiki kwenye mashine zao.

Wauzaji hutangaza GB tu, yaani ukubwa wa kumbukumbu ya kadi. Hakuna anayemwuliza mteja kesi yake, yaani kasha la kompyuta, ina ukubwa gani wala pawasaplai yake, kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine, ni ya wati ngapi. Na kompyuta za mezani zilizojaa huku ni mitumba iliyotoka maofisini ng'ambo, zile nyembamba. Ukifungua Dell OptiPlex 7010 ya umbo hilo unakuta pawasaplai ya wati 240, na haina hata waya mmoja wa kulisha kadi.

Hivi karibuni alikuja kijana kutoka Newala, anahariri video za harusi na za ngoma. Alikuwa na mashine ya aina hiyo hiyo, na kadi yenye plagi ya pini 8. Sloti ya madabodi, ule mlango wa kadi kwenye bodi kuu ya kompyuta, huipa kadi hadi wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kadi kama ile basi inaweza kudai hadi wati 225, na prosesa, diski na feni bado havijala. Hata bati lake la nyuma, lile linalokazwa kwa skrubu kwenye kesi, lilikuwa refu kuliko kesi yenyewe. Akaniuliza, "Mjomba, sasa nifanyeje?" Alikwisha kupiga simu dukani akajibiwa kuwa mali ikitoka hairudi.

Kilichoniudhi zaidi ni waya aliowekewa ndani ya mzigo kama zawadi: upande mmoja plagi ya SATA, ile ya kulisha diski, upande wa pili pini 8. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 hivi kwenye njia yake ya volti 12. Ukiitwisha wati 150 inapata moto. Nimeshafungua mashine ambayo kichwa cha waya kama huo kilikuwa kimeyeyuka, plastiki nyeusi imegandana na pini, hakitoki mpaka ukate. Jamani, mashine hizi zinalala vyumbani mwa watu, juu ya meza za mbao, na watoto wamelala pembeni. Waya huo msiuweke kwenye mzigo wa mtu yeyote.

Kadi zinazofaa mashine hizi zipo. GTX 1650 inakula wati 75. Yapo matoleo yake mafupi, yenye bati fupi na yasiyohitaji waya wa ziada. Kijana wa Newala angeuzwa hiyo tangu mwanzo, leo angekuwa kazini.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa. Unazima, unachomoa waya wa umeme, unagusa chuma cha kesi ili umeme tuli utoke mwilini, unasukuma kadi mpaka kibanio cha sloti kilie, unakaza skrubu (huku pwani tafuta mpya, za zamani chumvi imeshazila), kisha waya wa skrini unauchomeka kwenye kadi, usiurudishe kwenye madabodi. Halafu unaweka draiva, programu ya kuiendesha kadi.

Ninachowaomba wauzaji ni kuandika kwenye tangazo, pamoja na GB, wati ambazo kadi inakula, plagi inayohitaji, na urefu na kimo chake kwa sentimita. Na kabla ya kupokea pesa, mwombeni mteja apige picha ya lebo ya pawasaplai yake awatumie kwa WhatsApp. Nyingi ya mashine hizi kifuniko chake hufunguka kwa mkono, bila bisibisi.

Fundi kompyuta,
Chikongola, Mtwara